Waterman ya Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu JiF-Waterman na kalamu zake

Majibu haya ni ya mtu aliyeokota kalamu ya zamani kwenye droo ya babu, anayetaka kununua iliyotumika, au anayetaka tu kujua kwa nini jina la Kimarekani limechorwa juu ya kalamu iliyoandikwa kwamba imetengenezwa Ufaransa. Humu tunaita *nibu* ile ncha ya chuma au dhahabu inayogusa karatasi, *ulimi* kile kipande cheusi kilicholala chini ya nibu na kupeleka wino, na *kishikio* sehemu inayoshikwa na vidole.

## Mambo ya msingi

Waterman ni ya Marekani au ya Ufaransa?

Ni ya Marekani kwa kuzaliwa, ya Ufaransa kwa kulelewa. Lewis Edson Waterman aliianzisha New York. Hataza yake ya kwanza (haki ya kisheria ya mvumbuzi), namba 293,545, ilitolewa tarehe 12 Februari 1884, ingawa kampuni huhesabu umri wake tangu 1883. Mwaka 1926 Jules Isidore Fagard aliunda mjini Paris kampuni ya JiF-Waterman, iliyotengeneza kalamu za jina hilo kwa leseni. Kampuni ya Marekani ilizimika katika miaka ya 1950, ile ya Paris ikaendelea. Waterman mpya unayoikuta dukani leo ni ya ukoo huo wa Paris.

JiF maana yake nini?

Ni herufi za mwanzo za jina la Jules Isidore Fagard. Herufi ya katikati iliandikwa ndogo kwenye nembo, ndiyo maana wengi hudhani ni neno la Kifaransa.

Je, ni kweli Waterman alibuni kalamu yake baada ya wino kumwagikia mkataba wa bima?

Hadithi inasema alikuwa wakala wa bima, kalamu ikavuja juu ya mkataba, akakimbilia karatasi nyingine, na aliporudi akakuta mshindani ameshamchukua mteja. Inasimulika vizuri, lakini haina mizizi. Waterman alifariki mwaka 1901, na hadithi hii ilienezwa na kampuni muda mrefu baada ya kifo chake. Isomeni kama tangazo la biashara.

Basi yeye alivumbua nini?

Alivumbua ulimi unaofanya kazi. Kalamu za wino zilikuwepo kabla yake. Tatizo lilikuwa kwamba wino ukitoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa isipoingia, wino unakwama. Ikiingia kwa pupa, wino unamwagika wote kwa mkupuo. Waterman alichonga mfereji kwenye ulimi, na ndani ya mfereji huo akakata mifereji mingine myembamba sana. Wino unashuka kwa kuvutwa na wembamba wa ile midogo, na hewa inapanda kidogo kidogo kwenda kinyume chake. Mwaka 1899 kampuni iliongeza vijishimo pembeni mwa ulimi, ambavyo hudaka wino uliozidi kabla haujadondoka. Kalamu zote za wino za leo bado zinafuata kanuni hiyo.

Lakini si tunaambiwa kalamu ya wino ilivumbuliwa Ufaransa?

Hataza ya mapema ilitolewa Ufaransa tarehe 25 Mei 1827, kwa Petrache Poenaru, Mromania aliyekuwa akisoma Paris. Yake ilikuwa kalamu ya kubebeka inayojilisha wino yenyewe. Haina uhusiano na Waterman wala JiF.

## Miaka ya Paris

Fagard alichangia nini zaidi ya kuuza kalamu za watu wengine?

Alichangia katriji, na hapo ndipo ilipo heshima yote ya JiF. Kabla yake, kujaza kalamu kulihitaji chupa ya wino mezani, kitambaa, na mkono usiotetemeka. Mwaka 1927 Perraud, mkurugenzi wa JiF, alipata hataza ya katriji ya kioo: kibomba chembamba kilichojazwa wino kiwandani, unachokichomeka kwenye kishikio kisha unafunga mwili wa kalamu. Katikati ya miaka ya 1930 ilikuwa sokoni.

Kwa haki ya historia, wazo lenyewe halikuwa jipya. Kampuni ya Eagle Pencil ya New York ilikwisha uza kalamu yenye kibomba cha kioo tangu karibu mwaka 1890, ila haikushika. JiF ndiyo iliyoifanya iwe kitu ambacho karani au mwanafunzi angeweza kununua kwa pakiti na kutembea nacho mfukoni.

Kwa nini kioo, na kwa nini kiliachwa?

Kioo hakiliwi na wino, hakipitishi mvuke, na unaona wino uliobaki. Udhaifu wake uko shingoni. Kioo hakibonyei hata kidogo, kwa hiyo kazi yote ya kuziba inabaki kwa mahali shingo inapokaza ndani ya kishikio. Pakilegea kidogo tu, wino unatambaa nje. Pakikaza mno, shingo inapasuka mkononi mwako. Plastiki hubonyea na kuushika yenyewe mrija wa ndani ya kishikio, ikamaliza shida zote mbili.

Kalamu ya C/F ni ipi?

Ni kalamu iliyotoka mwaka 1953 ikiwa na katriji ya plastiki. Herufi zake zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "hujazwa kwa katriji". Umbo lake jembamba, lenye kifuniko cha chuma na nibu iliyozama kwenye kishikio, huhusishwa na Harley Earl, mbunifu wa magari wa General Motors, na kweli ukiitazama kwa ubavu utaona mistari ya magari ya enzi ile. Ufaransa iliendelea kuitengeneza miaka mingi baada ya Marekani kuiacha, ndiyo maana nyingi zinazopatikana Ulaya ni za Kifaransa. Kabla hujainunua, soma jibu la C/F isiyo na katriji hapo chini.

Kampuni ya Marekani iliishaje, na Bic inaingiaje hapa?

Ilichelewa. Washindani wake walikimbilia seluloidi ya rangi (plastiki ya zamani) na njia mpya za kujaza, yenyewe ikang'ang'ania ebonaiti nyeusi (mpira mgumu). Halafu peni za kibonge, zenye kijipira nchani, zikaja kuikuta imechoka. Mwaka 1958 Marcel Bich, mwenye Bic ya Ufaransa, alinunua kampuni ya Waterman ya Marekani, iliyokuwa Seymour, Connecticut. Alichotaka kilikuwa kiwanda na njia ya kuingilia soko la Marekani. Kalamu za wino hazikuwa hesabu yake. Kwa muda biashara hiyo iliitwa Waterman-Bic.

Ni Bic ileile ambayo watoto wa shule Afrika Mashariki wameiandikia mitihani. Kwa miaka mingi ilitengenezwa Nairobi na Haco Industries kwa leseni.

JiF-Waterman ya Paris haikuhusika na mauzo hayo. Ilibaki na familia ya Fagard.

Nani aliiokoa?

Francine Gomez, wa familia hiyohiyo, alishika uongozi mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati watu wengi waliamini kalamu ya wino imekwisha. Hakushindana na Bic kwa bei. Alirudisha kalamu kwenye daraja la zawadi na vito, akafanya kazi na mbunifu Alain Carré, na mwaka 1983, kuadhimisha miaka mia, kampuni ikatoa Le Man 100: kalamu nene, nzito, yenye nibu kubwa ya dhahabu ya karati 18. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kalamu bora kabisa iliyowahi kutoka kwenye tawi la Paris. Anayetafuta moja tu ya kukaa nayo maisha yote aanze na hiyo.

Baada ya hapo?

Gillette waliinunua mwaka 1987, na mwaka 2000 wakaiuza kwa Newell Rubbermaid pamoja na Parker. Utengenezaji uko Saint-Herblain, kando ya Nantes, magharibi mwa Ufaransa. Hémisphère, Expert na Carène zote ni za kipindi hiki. Carène ni jina la Kifaransa la sehemu ya chombo inayozama majini, na nibu yake imelazwa ndani ya kishikio kama omo inayokata maji.

Kwa nini Wafaransa hawakuiacha kalamu ya wino hata baada ya Bic kuenea?

Shule. Peni ya kibonge iliruhusiwa rasmi katika shule za Ufaransa mwaka 1965 tu. Kizazi kizima kilishajifunza mwandiko wa kuunganisha kwa nibu, na walimu wengi wa shule za msingi wakaendelea kuipendelea. Katriji ya plastiki ilifika kwa wakati wake: mtoto habebi tena chupa ya wino kwenye mkoba.

## Kuitambua kalamu uliyonayo

Nitajuaje kama ni ya Marekani au ya Paris?

Anza na maandishi ya mwilini. Chukua tochi, iweke kwa ubavu ili mwanga upite juu ya maandishi, yasome kwa lenzi. Maneno "JiF-Waterman" au "Fabriqué en France" yanamaliza ubishi. "Breveté S.G.D.G." nayo ni ya Kifaransa: maana yake hataza imetolewa bila serikali kuhakikisha ubora wa kitu chenyewe. Ilikuwepo tangu sheria ya 1844 hadi 1968, kwa hiyo kalamu yenye alama hiyo haiwezi kuwa ya miaka ya 1980, hata muuzaji akila kiapo.

Nibu yangu imeandikwa 18, ya rafiki yangu 14. Ipi ni halisi?

Zote zinaweza kuwa halisi. Kwa muda mrefu sheria ya Ufaransa haikuruhusu kitu kiuzwe kama dhahabu kama hakijafika karati 18, yaani sehemu 750 kwa 1,000. Marekani walizoea karati 14. Sheria ya Ufaransa ililegezwa katika miaka ya 1990.

Kwenye nibu za Paris tafuta pia kichwa kidogo cha tai, alama ya serikali kwa dhahabu ya karati 18 iliyotengenezwa humo. Ukikuta bundi, dhahabu hiyo iliingizwa kutoka nje. Alama hizi ni ndogo kuliko punje ya mtama, na lenzi ya mara 10 inatosha. Ukikuta nibu ya karati 14 kwenye mwili wa JiF, uwezekano mkubwa ni kwamba nibu imebadilishwa. Kalamu itaandika sawasawa, ila bei ishuke.

Nambari kama 42 au 52 chini ya kalamu zina maana gani?

Ni mfumo wa kalamu za Waterman ya Marekani zilizoitwa Ideal, zilizouzwa kwa wingi Ulaya. Tarakimu ya mwisho ni ukubwa wa nibu. Ile iliyotangulia ni njia ya kujaza: 5 ni ya wenzo (kijiti cha kuinua) pembeni, 4 ni ile ambayo nibu yake huzama ndani. Kwa hiyo 52 ni ya wenzo yenye nibu namba 2. Herufi V ni kalamu fupi, na ½ ni nyembamba.

## Kutumia na kutunza

Waterman ya sasa inatumia katriji gani?

Inatumia katriji za kawaida za kimataifa, ndefu na fupi. Ndefu hubeba takriban mililita 1.4, fupi kama nusu ya hapo. Katriji za Parker haziingii, hata kama mwenye kampuni ni mmoja. Usilazimishe, utapasua mrija wa ndani.

Ukichomeka, sukuma wima mpaka usikie "tik", kisha simamisha kalamu nibu ikiwa chini kwa dakika tano. Wino usipofika, binya katriji taratibu mpaka tone moja litokeze. Usiitikise kalamu hewani. Ukuta wako utajuta.

Nataka kutumia wino wa chupa. Nifanyeje?

Nunua kifyonzi cha Waterman, kile kibomba chenye pistoni ya kuzungusha. Kichomeke mahali pa katriji, zamisha nibu yote hadi mwanzo wa kishikio, zungusha kushusha pistoni, kisha irudishe juu polepole. Nibu ikiwa bado chini, rudisha matone matatu chupani, zungusha juu tena ili ulimi uvute hewa kidogo, ndipo ufute. Wanaoruka hatua ya matone matatu ndio wanaolalamika kwamba kalamu inadondosha.

Chupa ya Waterman ya mililita 50 imekatwa pande. Wino ukipungua, ilaze kwa upande mmoja na utapata kina cha kutosha.

Florida Blue imeenda wapi?

Siku hizi inaitwa Serenity Blue. Majina mengi yalibadilishwa kwa pamoja: Havana ikawa Absolute Brown, South Sea Blue ikawa Inspired Blue. Serenity Blue ndiyo wino tunaoupendekeza kwa kalamu yoyote ya zamani, kwa kuwa unatiririka vizuri na husafishika kwa maji matupu.

Wino upi usiutie kamwe?

Wino wa muhuri, na wino mweusi wa kuchorea ulio na shelaki (gundi itokanayo na wadudu). Ukikauka ndani ya mifereji ya ulimi, hautoki tena kwa maji.

Kalamu ilikaa mwaka mzima haitumiki, haiandiki. Nianzie wapi?

Toa katriji. Loweka kishikio na nibu kwenye maji baridi usiku mzima, badilisha maji asubuhi, endelea mpaka yatoke meupe. Ikigoma, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye robo lita ya maji, suuza, kisha ifunge kwa karatasi laini nibu ikiwa chini ikauke. Maji ya moto hukunja plastiki, na spiriti hula vifaa vya zamani. Onyo: hatua hizi si za ebonaiti, soma jibu la mwisho kabisa.

Kalamu ya wenzo haivuti wino tena. Kuna dawa?

Kifuko cha mpira kilichomo ndani kimekauka na kuvunjika. Tikisa kalamu sikioni: ukisikia vipande vikicheza, ndicho.

Pasha mwili karibu na kishikio kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka uwe vuguvugu wa kuvumilika mkononi, kisha tikisa kishikio kushoto na kulia huku ukivuta. Kikigoma, pasha tena. Haraka ndiyo inayopasua miili. Kwangua mpira wa zamani wote. Chagua kifuko kinachoteleza ndani ya mwili bila kukwaruza, kikate kiwe kifupi kuliko nafasi yake kwa milimita 3 hivi, kibandike kwa shelaki, acha usiku mzima, pakaa poda ya talki, rudisha. Usitumie supaglu, maana fundi atakayekuja baada yako atalazimika kuvunja kishikio.

## Hali zisizo za kawaida

Nina C/F lakini sina katriji. Itaandika?

Katriji za C/F zina umbo lao peke yake, na katriji za kimataifa haziingii. Kiwanda hakizitengenezi tena. Ukipata hata moja tupu iliyo nzima, ni mali: ioshe, ijaze kwa sindano ya dawa isiyo na ncha kali, na iache ndani ya kalamu, kwa sababu kila kuchomoa hupanua mdomo wake. Kalamu ikiuzwa bila katriji wala kifyonzi chake, hesabu kwamba unanunua pambo, na ulipe bei ya pambo.

Nibu ya kalamu yangu imezama ndani na haionekani. Imeharibika?

Hapana, ni ile ya namba 42 au ndugu yake. Simamisha kalamu, fungua kifuniko, zungusha kitako, na nibu itapanda. Kujaza ni kinyume chake: nibu ikiwa imezama, dondoshea wino mdomoni kwa kidondoshea, usifike ukingoni.

Kosa moja linaua kalamu hizi: kufunga kifuniko nibu ikiwa bado nje. Inapinda papo hapo. Ukiinunua, sikiliza pia kitako. Kikizunguka kikavu na wino ukichuruzika hapo, kizibo cha koki (gome laini) kilichomo ndani kimesinyaa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Inavuja ndani ya ndege, au nikiiacha kwenye gari juani. Ni mbovu?

Si mbovu. Hewa iliyomo kwenye katriji hutanuka na kuusukuma wino nje. Kadiri hewa ilivyo nyingi, ndivyo uvujaji unavyokuwa mwingi, kwa hiyo katriji iliyobakiza robo ndiyo hatari kuliko iliyojaa. Safiri nayo ikiwa imejaa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu.

Ebonaiti yangu nyeusi imegeuka rangi ya mzeituni. Niioshe?

Usiitie majini. Ebonaiti ni mpira uliopikwa na salfa. Mwanga wa jua huidhoofisha ngozi yake ya juu, na maji yakiigusa hubadilika rangi mbele ya macho yako, mara nyingine ndani ya saa moja tu. Osha nibu na ulimi peke yake, futa mwili kwa kitambaa kikavu, itunze gizani. Kuipiga msasa irudi nyeusi kunafuta maandishi ya mwilini, na bila maandishi hayo hutaweza tena kujua kama kalamu yako ilitoka New York au Paris.